Damon Runyon: lugha ya msimulizi wa Broadway na changamoto zake kwa mtafsiri wa Kiswahili

Damon Runyon (1880–1946) alikuwa mwanahabari wa Marekani aliyejipatia umaarufu kwa hadithi fupi za kuchekesha kuhusu wacheza kamari, wauza pombe ya magendo, matapeli, wavunja sefu na wanenguaji wa vilabu vya usiku katika mtaa wa Broadway, mjini New York. Msomaji anayekutana naye kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba ugumu wake uko katika misimu, yaani maneno ya mitaani ya zama zake. Maelezo hayo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Misimu ya Runyon hutafsirika kwa urahisi wa kutosha. Kinachomshinda mtafsiri ni adabu yake.

Runyon alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1880 katika mji mdogo uitwao Manhattan, jimboni Kansas, sadfa ambayo ingewafaa wahusika wake wenyewe: aliyekuja kuwa sauti ya Manhattan ya New York alitoka katika Manhattan nyingine, ya nyanda za malisho na mashamba. Alikulia Pueblo, katika jimbo la Colorado. Baba yake alikuwa mtu wa magazeti na mitambo ya kuchapa, mama yake alifariki mapema kwa kifua kikuu, na mtoto alilelewa zaidi na mtaa kuliko na shule. Mwaka 1898, vita vya Marekani na Uhispania vilipozuka, alijiunga na jeshi na kupelekwa Ufilipino. Aliporejea alifanya kazi katika magazeti ya Colorado, na mwaka 1910 alihamia New York, akaajiriwa na gazeti la New York American, mali ya William Randolph Hearst.

Hata jina lake ni zao la chumba cha habari. Ukoo wake ulijiita Runyan. Herufi a iligeuka o kwa kosa la uchapaji, naye akaliacha kosa likae. Jina la kwanza, Alfred, lilifutwa na mhariri mjini New York. Mwandishi wa Kiswahili anayemtaja hana budi kufuata tahajia ya Runyon, isipokuwa anapoeleza asili ya ukoo.

Kwa wasomaji wa wakati wake alikuwa kwanza mwandishi wa michezo, hasa besiboli na ndondi, na pia mwandishi wa kesi kubwa. Aliripoti kesi ya mauaji ya Ruth Snyder na Judd Gray mwaka 1927, kesi ya kodi ya Al Capone mjini Chicago mwaka 1931, na mwaka 1935 kesi ya Bruno Hauptmann, aliyeshtakiwa kwa kumteka na kumuua mtoto wa rubani Charles Lindbergh. Miaka hiyo ya mahakamani haina budi kukumbukwa na yeyote anayetaka kuielewa sauti ya hadithi zake. Runyon alikaa miaka mingi akiwasikiliza watu walioulizwa maswali hatari wakijibu kwa tahadhari kubwa, kwa sentensi kamili, bila neno la ziada.

Tukio moja hasa linaeleza mengi. Mnamo Novemba 1928 Arnold Rothstein, tajiri wa kamari aliyedaiwa kupanga matokeo ya fainali za besiboli za mwaka 1919, alipigwa risasi katika hoteli ya Park Central. Alikufa siku chache baadaye bila kuwatajia polisi aliyempiga. George McManus, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, aliachiwa huru mwaka 1929 kwa kukosekana ushahidi. Runyon alimfahamu Rothstein, na wasomaji humtambua katika mhusika aitwaye The Brain. Katika ulimwengu huo aliyejua alikuwa hatarini, na aliyesema alikuwa hatarini zaidi. Hadithi ya kwanza ya Broadway, “Romance in the Roaring Forties”, ilichapishwa katika jarida la Cosmopolitan mwezi Julai mwaka huohuo wa 1929. Mkusanyiko wa kwanza, Guys and Dolls, ulitoka mwaka 1931.

Marufuku ya pombe nchini Marekani, iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933, ndiyo iliyoujaza mtaa wahusika wake. Sheria ilipokataza kinywaji, muuza kinywaji akawa tajiri, na tajiri huyo akahitaji madereva, walinzi, mawakili na mahali pa kula usiku wa manane. Mahali hapo katika hadithi ni mgahawa uitwao Mindy's, uliochorwa kutokana na mgahawa halisi wa Lindy's. Runyon aliketi humo akinywa kahawa kikombe baada ya kikombe, kwa kuwa pombe alikuwa ameiacha zamani, akisikiliza. Mtu asiyelewa katikati ya walevi husikia mengi.

Msimulizi wa hadithi hizi hana jina wala kazi inayojulikana. Yumo katika kila tukio, lakini hakuna tukio alilolitaka. Mara nyingi ameketi akila, anatokea mtu ambaye asingependa kuonekana naye, na mtu huyo anamwalika mahali ambako asingependa kwenda. Huenda. Hakatai kamwe, wala hasemi kwamba anaogopa. Husema tu kwamba ni vyema mtu kuwa na heshima kwa jamaa wa aina hiyo. Kicheko cha msomaji hutokea katika pengo lililopo kati ya upole wa maneno na ukali wa jambo lenyewe, na hapo ndipo tafsiri inapofaulu au kuanguka.

Sifa ya kwanza ya lugha hiyo ni njeo. Hadithi zinasimuliwa kwa wakati uliopo karibu mwanzo hadi mwisho, hata mambo ya miaka kadhaa nyuma. Mwandishi Mwingereza E. C. Bentley, aliyeandika utangulizi wa mkusanyiko uliotolewa Uingereza mwaka 1937, alidai kwamba katika hadithi zote alikuta kitenzi kimoja tu cha wakati uliopita, naye akashuku kuwa ni kosa la uchapaji. Hata pale ambapo Kiingereza cha kawaida kingedai umbo la masharti, msimulizi hutumia wakati ujao.

Kiswahili kina mazoea ya kuingia katika usimulizi kwa -li- na kuendelea kwa -ka-. Mtafsiri asiyejihadhari hufuata mazoea hayo, na matokeo yake huwa sanifu, laini na yaliyopoteza kitu. Linganisha sentensi mbili zilizotungwa kwa ajili ya makala hii:

(a) Nilikuwa nimekaa mgahawani, akaingia bwana mmoja, akatoa bastola, akaniambia nimfuate. Nikamfuata.

(b) Nimekaa mgahawani nakunywa kahawa, mara anaingia bwana mmoja ambaye ana bastola mkononi, naye ananiambia kwamba atafurahi sana iwapo nitakubali kufuatana naye. Nami sioni sababu ya kumnyima bwana huyu furaha hiyo.

Katika (a) kiambishi -ka- kinayafunga matukio kama shanga katika uzi. Anayesimulia amekwisha kuuona mwisho wa uzi, na yu salama. Katika (b) hakuna mwisho unaoonekana. Msimulizi anajua lililo mbele ya macho yake tu, na hivyo ndivyo anavyotaka ijulikane, kwa sababu mtu asiyejua la nyuma wala la mbele hawezi kuitwa shahidi. Njeo ya Runyon ni kinga ya kisheria kabla ya kuwa mtindo.

Uchaguzi kati ya -na- na -a- nao una uzito wake. Umbo la -a- (aingia, atoa, auawa) linasikika leo zaidi katika vichwa vya habari vya magazeti, na kwa mwandishi aliyekuwa mwanahabari kishawishi cha kulitumia ni kikubwa. Likitumiwa mara mojamoja, pale jambo linapotokea ghafla, linapendeza. Likitawala ukurasa mzima, hadithi hugeuka tangazo. Hu- haifai, isipokuwa kwa tabia halisi za wahusika, kwa maana hulifanya tukio moja lionekane la kila siku. Kwa mambo ya zamani inatosha kutaja wakati kwa kielezi (mwaka juzi, enzi za marufuku) na kuacha kitenzi katika -na- au -me-. Msomaji atashtuka kidogo katika ukurasa wa kwanza. Msomaji wa Kiingereza naye hushtuka.

Sifa ya pili, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika, ni rejista. Kwa kuwa wahusika ni wahuni, mtafsiri hukimbilia Sheng au Kiswahili cha vijiweni tangu sentensi ya kwanza. Lakini msimulizi wa Runyon hazungumzi kihuni. Hafupishi maneno hata kidogo, jambo ambalo katika Kiingereza cha mazungumzo ni la ajabu. Sentensi zake ni ndefu, zimenyooka, zimejaa maneno ya heshima. Anasimulia habari za wauaji kama karani wa mahakama aliyevaa suti ya kuazima. Misimu iko katika nomino: fedha, bunduki, mwanamke, polisi, gereza. Sarufi inayozibeba nomino hizo ni ya mtu anayejitahidi kusema vizuri mbele ya watu asiowaamini.

Kiswahili kina zana za kufanya hivyo. Mazungumzo ya kila siku hufupisha: nishakula, mamaangu, hamna. Msimulizi huyu ataandika nimekwisha kula, mama yangu, hakuna. Mazungumzo husema mtu aliyekuja. Yeye atasema mtu ambaye amekuja, na kama nafasi ipo ataongeza bwana. Atatumia iwapo badala ya kama, kwa hakika badala ya kweli. Kisha, katikati ya utaratibu huo wote, ataweka nomino moja ya mtaani bila kuomba radhi. Nomino hiyo italia kama kijiko kilichoanguka kanisani. Ukurasa mzima wa Sheng hautoi mlio wowote, kwa kuwa hakuna ukimya wa kuuvunja.

Kuhusu maneno yenyewe, machache yanastahili kujadiliwa.

Bastola, katika misimu ya Runyon, huweza kuitwa kwa jina lenye maana ya kitu kinachosawazisha, kwa kuwa humfanya mfupi awe sawa na mrefu. Kisawazishi ni tafsiri sahihi isiyo na uhai, nayo hunukia karakana. Mguu wa kuku, jina la mitaani la bastola linalotokana na umbo lake, si tafsiri ya neno lile, lakini linafanya kazi ileile: linakitaja kitu cha kutisha kwa jina la kitu cha jikoni.

Fedha nazo zina majina mengi. Mkwanja, mshiko na chapaa vinaeleweka, lakini ngawira ina faida ya pekee. Katika kamusi ni mali iliyotekwa vitani; mitaani ni pesa tu. Msimulizi anayeita mshahara wa mtu ngawira amesema yote kuhusu mshahara huo, huku akiweza kudai mbele ya hakimu kwamba hakusema lolote.

Kwa jozi iliyo katika jina la kitabu cha kwanza, mwanasesere kwa mwanamke ni kosa la wazi, na demu lina ukali ambao msimulizi hana. Kimwana linafaa zaidi. Ni neno la kusifu, limechakaa kidogo, na magazeti yamelipenda. Kwa wanaume, jamaa linatosha, tena lina kejeli yake ya ndani, kwa kuwa limetoka kwenye udugu na kuishia kwa mtu yeyote asiyejulikana vizuri.

Lililo zuri kuliko yote ni raia. Runyon alipenda kuwaita wahalifu wake kwa neno hilo, kana kwamba kila mmoja wao analipa kodi na kupiga kura. Kwa bahati njema Kiswahili cha polisi na cha magazeti kimekwisha kuliandaa: raia mwema ni yule anayetoa taarifa kwa vyombo vya usalama. Mvunja sefu akiitwa raia mwema, msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Mtafsiri anayeandika jambazi mahali hapo amemtolea msomaji hukumu ambayo mwandishi aliizuia kwa makusudi.

Kuna pia usemi wake maarufu, uliotumiwa kuwa jina la mkusanyiko ule wa 1937, More Than Somewhat, unaomaanisha kwamba jambo limezidi kiasi fulani. Ni namna ya kupunguza kwa kuongeza. Si kidogo ndiyo tafsiri ya moja kwa moja (amekasirika si kidogo), na hakuna wa kuilaumu. Si haba huchekesha zaidi, kwa sababu kwa kawaida hubeba shukrani: mtu husema si haba kwa riziki aliyopata. Kusema kwamba fulani amepigwa si haba ni kumfanya aliyepigwa aonekane amebarikiwa. Isitumiwe zaidi ya mara moja katika hadithi.

Lakabu ziachwe kama zilivyo, Harry the Horse, Dave the Dude, Nicely-Nicely Jones, isipokuwa pale ambapo maana ya lakabu inaendesha kisa. Ndivyo ilivyo kwa Sorrowful katika “Little Miss Marker”, ambaye huitwa hivyo kwa sababu ya uso wake wa huzuni na kilio chake cha kudumu kuhusu hali mbaya ya biashara. Hapo neno moja la kufafanua, pale anapotajwa kwa mara ya kwanza, linatosha.

Umaarufu wa baadaye umeifanya kazi ya mtafsiri kuwa ngumu zaidi. Mchezo wa kuigiza wa nyimbo Guys and Dolls, wenye muziki wa Frank Loesser, ulifunguliwa Broadway mwezi Novemba 1950 na kuonyeshwa mara 1,200. Filamu yake, yenye Marlon Brando na Frank Sinatra, ilitoka mwaka 1955. Runyon hakuviona. Saratani ya koo ilimnyang'anya sauti mwaka 1944, akaishi miaka miwili akizungumza kwa vikaratasi, akafa tarehe 10 Desemba 1946. Majivu yake yalimwagwa juu ya Broadway kutoka kwenye ndege iliyoongozwa na Eddie Rickenbacker, rubani shujaa wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mchezo ule ni mzuri na umejaa furaha, na kwa sababu hiyo wengi huzisoma hadithi wakitarajia wahuni wenye mioyo ya dhahabu.

Katika “Sense of Humor” mtu anayependa mizaha anaachwa na mkewe, anayehamia kwa jambazi mpinzani. Mpango unafanywa ili jambazi huyo aletewe gunia ambalo, kwa imani yake, ndani yake mna adui aliyefungwa. Analimiminia risasi. Aliyekuwa ndani ni yule mke, naye aliyemweka humo ni mumewe. Msimulizi anaieleza habari hii kwa utulivu uleule anaotumia kueleza chakula. Mtafsiri atakayeongeza kivumishi kimoja cha kutisha, cha kusikitisha au cha kikatili atakuwa amemwonea haya mwandishi. Ni haki kumlaumu Runyon kwamba wanawake wake ni vimwana au maiti kuliko walivyo watu, na lawama hiyo haiondolewi na mtindo. Lakini katika hadithi hii ubaridi ndio habari yenyewe.

“Little Miss Marker”, ya mwaka 1932, ni mtihani wa mwisho wa rejista. Sorrowful anapokea dau za mbio za farasi. Mtu asiyemjua anamwachia binti mdogo awe rehani ya dau la dola mbili, kisha harudi. Mtoto anamlainisha mtu yule mgumu, na mtaa mzima pamoja naye. Katika filamu ya 1934, iliyomfanya Shirley Temple kuwa nyota, mtoto anapona. Katika hadithi anakufa kwa homa ya mapafu, akiwa amezungukwa na wahalifu waliovua kofia. Hapo ndipo baba anapotokea, na Sorrowful, ambaye uso wake umerudi kuwa kama zamani, anamkumbusha kwamba bado anadaiwa dola mbili.

Katika Kiswahili hali hii ina jambo ambalo Kiingereza hakina. Mbele ya mfiwa neno pole si hiari. Mtu asiyelitamka ameonekana, na kila aliyepo ameona. Mtafsiri atavutwa kulitia kinywani mwa Sorrowful, au angalau mwa msimulizi, kwa kuwa bila hilo mazungumzo yanasikika kama yamekatwa kwa kisu. Asilitie. Deni lidaiwe kwa sentensi kamili, kwa adabu, kwa bwana na tafadhali, na pole isiwepo popote katika ukurasa huo.